Nimeirudia Daredevil ya 2003: Ben Affleck tulimuonea

Kila zikitajwa muvi mbovu za masupahiro lazima Daredevil ya 2003 itokee, na kila ikitokea sababu inayotolewa ni moja tu, Ben Affleck. Yaani zaidi ya miaka 20 sasa watu wanarudia kauli ileile, kwamba walimpa nafasi mtu asiyefaa, basi, kesi imefungwa. Na mimi nilikuwa nasema hivyohivyo. Niliiangalia nikiwa bado mdogo, nikaimaliza na hasira kwa sababu zile komiki nilikuwa nazipenda sana, nikambebesha mzigo wote yule jamaa aliyevaa ngozi nyekundu maana ndo aliyekuwa mbele ya macho yangu. Juzi nimeikalia tena na safari hii nimeangalia matoleo yote mawili, lile lililoonyeshwa kwenye majumba ya sinema lenye dakika 103 na lile la dairekta lililotoka 2004 ambalo linafika dakika 133, moja baada ya jingine, kichwani nina swali moja tu: hivi kweli waigizaji ndo walioiua hii muvi?

Nisieleweke vibaya, muvi ina matatizo mengi na nitayasema. Lakini kosa la kukasti, yaani kuwagawia waigizaji nafasi, halipo pale watu wanaponyooshea kidole. Sisi tumezoea kumhukumu mwigizaji mmojammoja, tunachukua picha yake akiwa amevaa nguo za kazi, tunaiweka pembeni ya mchoro wa komiki, tunasema kafanana au hajafanana. Hicho ni kipimo cha bango la tangazo. Ndani ya muvi mtu hakai peke yake, anaongea na mtu, anapigana na mtu, anampenda mtu, kwa hiyo kukasti ni kuamua nani asimame na nani. Ukiiangalia Daredevil hivyo, wawiliwawili, unaona habari nyingine kabisa, kuna watu wazuri wamewekwa na mtu wasiyeendana naye, na kuna jozi nzuri sana zimepewa dakika mbili halafu zikanyang'anywa.

Kwa ambao hawakumbuki: iliongozwa na Mark Steven Johnson, ikatolewa na 20th Century Fox tarehe 14 Februari 2003, siku ya wapendanao, na hiyo tarehe pekee inakwambia studio ilitaka kuuza nini. Iligharimu kama dola milioni 78, wikiendi ya kwanza ikaingiza zaidi ya milioni 40 Marekani na ilivyomaliza mzunguko ilikuwa na kama milioni 179 dunia nzima. Sio hasara. Ila Spider-Man ilikuwa imetoka mwaka mmoja nyuma ikaingiza zaidi ya milioni 100 wikiendi ya kwanza tu, kwa hiyo kila studio ilikuwa inataka muvi ya aina ileile, kijana, mapenzi, kurukaruka juu ya maghorofa. Matt Murdock, ambaye ndo Daredevil mwenyewe anayeigizwa na Affleck, sio mtu wa hivyo. Matt ni mtoto wa bondia aliyeshindwa na maisha akaangukia kwenye ulevi, kakulia Hell's Kitchen pale New York, kapofuka kwa kemikali akiwa mdogo, baba kauawa kwa kukataa kuuza pambano, mchana wakili usiku anapiga watu, na katikati yake kuna Ukatoliki unaomtafuna. Huyo ni mtu mwenye majonzi.

Haya, tuanze na huyohuyo Affleck.

Kuna kipande karibu na mwanzo ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa. Katoka kupigana, karudi nyumbani, anavua lile vazi na unauona mgongo wake umejaa makovu, anaingia bafuni, maji yanamwagika, anang'oa jino lake mwenyewe, anameza vidonge vya maumivu afu anaenda kulala ndani ya tangi la maji lenye mfuniko kwa sababu akilala kitandani kama watu wengine masikio yake yatasikia mji mzima. Hapo Affleck hasemi neno, kakaa kimya, mwili mzito, mabega yameshuka, na nikaamini kila kitu. Au asubuhi yake anavyokunja noti, kila thamani na mkunjo wake ili vidole vijue kipi ni kipi. Zile sekunde chache zilinionyesha mtu anayeishi na upofu kila siku, sio mtu anayejifanya kipofu ili tumhurumie. Na alikuwa anaipenda hii komiki toka utotoni, sio mtu aliyeokotwa akapewa skripti asiyoijua.

Lakini tuwe wakweli, kuna kitu kinamkataa. Affleck ni mrefu, ana urefu wa kama mita 1.9, kifua kipana, kidevu cha kuchongwa, na ana ile hali ya mtu ambaye akiingia chumbani wote wanageuka. Matt akiwa wakili anatakiwa awe mtu unayempuuza, unamuona na fimbo yake nyeupe unampisha njia ukidhani unamsaidia, na huko ndiko anakojificha. Affleck huwezi kumpuuza hata akivaa gunia. Halafu kuna jambo la macho. Silaha yake kubwa kama mwigizaji ni macho na lile tabasamu la upande mmoja, ukiangalia muvi alizong'ara utaona anaongea sana na anaongea huku anakutazama. Hapa kapewa mtu asiyetazama. Miwani juu ya macho, au barakoa juu ya nusu ya uso, na akivua vyote mboni zinatakiwa zisimfuate mtu. Kwa hiyo umemchukua fundi ukamficha vifaa vyake viwili vikubwa, afu unashangaa mbona kazi imetoka hivi. Ndo maana anafanya vizuri akiwa peke yake na mwili wake ndo unaongea, na anapoteza nguvu akipewa maneno matamu ya kumwambia mwanamke mgahawani.

Na kwenye vipande vya kuruka kutoka ghorofa hadi ghorofa mara nyingi hata hayupo, ni mwanasesere wa kompyuta, tena wa 2003, hana uzito, anadunda kama mpira. Watu wengi wakisema Affleck anatembea vibaya ndani ya lile vazi, ukiwauliza wapi, wanakutajia kipande ambacho sio yeye kabisa. Hilo nalo tumembebesha yeye.

Sasa Jennifer Garner, aliyecheza Elektra, mpenzi wa Matt, na hapa najua nitagombana na watu.

Wakati ule ukitafuta mwanamke wa kupigana kwenye skrini hukuwa na chaguo bora kuliko yeye. Alikuwa anaigiza jasusi kwenye Alias iliyoanza 2001, Januari 2002 kashinda Golden Globe kwa kazi hiyo, mwili tayari, mazoezi tayari, na kwenye muvi hii yeye ndo mtu ambaye akirusha teke unaamini ni mguu wake. Ukipima kwa kipimo cha bango, Garner kapita kwa alama za juu. Na bado mimi nasema kama kuna kosa la kukasti kwenye Daredevil, liko hapa, na sio kwa sababu yeye ni mbaya, ni kwa sababu ya mtu aliyewekwa naye.

Fikiria ile mechi yao kwenye uwanja wa kuchezea watoto. Watu wameicheka miaka yote, wakili kipofu anapigana kung fu juu ya bembea za kupanda na kushuka mchana kweupe, watoto wanashangilia, huyu ni mtu anayetakiwa kuficha siri yake. Sawa, huo ni upuuzi wa skripti. Lakini iangalie tena ukiwaangalia wao wawili tu. Wote warefu, wote wana afya, wote wana videvu vizuri, wote wanatabasamu tabasamu la mtu anayejua atashinda. Wanafanana mno! Hakuna anayemvuta mwenzake kwenda popote. Elektra kwenye komiki za Frank Miller, mwandishi aliyemtunga, ni hatari, ni mlango ambao Matt akiupita anaweza asirudi, na yeye Mkatoliki wa watu anajua hivyo na bado anaenda. Garner uzuri wake uko kwenye uwazi, uso wake unakukaribisha, akicheka na vile vishimo vya mashavuni unahisi ni mtu unayemjua siku nyingi. Ukimuweka mwanamke wa namna hiyo na Affleck unapata wapenzi wawili wazuri wa tamthilia ya jioni. Baba yake anauawa, anavaa nguo nyeusi, anachana mifuko ya mchanga kwa sai zake, zile silaha zenye ncha tatu, na bado usoni mwake naona huzuni ya binti mwema, sioni kile kitu cha kuogopesha ambacho kingemfanya Matt atetemeke.

Najua kuna watu watasema mbona hawa walioana kweli 2005. Walioana, ndio, na baadaye wakaachana. Haibadilishi kilichopo kwenye skrini mwaka 2003.

Ila kuna kipande kimoja ambacho kinawaunganisha, kile cha mvua juu ya paa. Matone yanapiga kila kitu, sauti inamchorea Matt umbo la uso wake, na kwa mara ya kwanza anamuona. Kinafanya kazi kwa sababu Garner kaambiwa asimame tu, atulie, na Affleck kaambiwa asiongee. Kikitokea hicho unaelewa hii muvi ingeweza kuwa nini. Na hapo ndo matoleo mawili yanapoachana vibaya sana. Kwenye toleo la sinema Matt anasikia mtu ana shida kule chini, Elektra anamwomba abaki, na anabaki, wanaenda kulala pamoja. Kwenye toleo la dairekta anamuacha palepale kwenye mvua anaenda kwenye ile sauti. Mwigizaji ni yuleyule, mwenzake ni yuleyule, mvua ni ileile, lakini kwenye la pili Affleck ghafla ni Matt Murdock, mtu aliyeoa kazi yake na inamtesa, na Garner anabaki na uso wa mtu aliyeachwa ambao una makali zaidi kuliko vita yoyote aliyopigana humu ndani. Sijui studio ilimwangaliaje huyo mtu anayebaki ikasema ndo shujaa. Uamuzi mmoja kwenye chumba cha kuhariri umemgeuza staring akawa mtu mwingine, na lawama zikaenda kwa Affleck.

Garner alipoirudia hiyo nafasi kwa muda mfupi kwenye Deadpool & Wolverine mwaka 2024, umri umeongezeka, uso una ukavu fulani ambao haukuwepo, nikasema kumbe Elektra alikuwa anakuja, tulimchukua mapema tu.

Colin Farrell ndo ambaye watu humsamehe haraka. Bullseye wake, muuaji wa kukodiwa, anaua kwa vibanio vya karatasi, anamuua bibi kwenye ndege kwa karanga kwa sababu tu anaongea sana, ana alama ya shabaha imechorwa kwenye paji la uso, na kaachiwa lafudhi yake ya Ireland. Kila mara wanasema huyo ndo aliyeelewa yuko kwenye muvi gani. Mi naona yeye alikuwa kwenye muvi yake. Ukimuangalia akiwa peke yake anafurahisha, anatoa macho, anatetemeka kwa raha akipiga shabaha, kamera inampenda. Mlete sasa kanisani, kwenye pambano lake na Matt. Elektra kauawa muda mfupi uliopita, kachanwa koo kwa karata na kuchomwa kwa sai yake mwenyewe, kama ilivyochorwa kwenye Daredevil namba 181 ya mwaka 1982, na Affleck anaigiza mtu aliyefiwa, kabeba maiti moyoni, anataka kumaliza. Mwenzake anarusha vipande vya vioo huku anachekelea kama mtu yuko kwenye katuni ya Jumamosi asubuhi. Hakuna aliyekosea, kila mmoja kafanya alichoambiwa, lakini vipande hivyo viwili havikai kwenye meza moja, na mtu anayetakiwa kuliona hilo ni dairekta. Huzuni ya Affleck inaonekana nzito kupita kiasi kwa sababu ya Farrell, na ukatili wa Farrell unaonekana mchezo kwa sababu ya Affleck. Wanapunguziana.

Muweke Farrell huyohuyo ofisini kwa Kingpin, yaani Wilson Fisk, bosi wa wahalifu wa mji. Hapo utaona kukasti maana yake nini. Michael Clarke Duncan katulia nyuma ya meza, mkubwa kama kabati, sigara kubwa mkononi, sauti inatoka chini ya kifua taratibu, na mbele yake kuna huyu kijana hawezi kutulia, kichwa kimenyolewa, vidole vinacheza, anadai na yeye apewe vazi lake. Mmoja hatikisiki mwingine hatulii. Kadri Duncan anavyokuwa kimya ndivyo Farrell anavyoonekana kichaa, na kadri Farrell anavyozidi ukichaa ndivyo unavyojiuliza huyu bosi ana nguvu kiasi gani mpaka mtu kama huyu anamsikiliza. Wanaongezeana. Mapigo yote ya muvi hii ukinipa niyabadilishe na dakika kumi zaidi za hawa wawili wamekaa wanaongea, nachukua dakika kumi.

Na nataka nikae hapa kwa Duncan maana naona hajapewa haki yake. Kingpin wa komiki ni mzungu. Alipotangazwa Duncan kuna mashabiki walikasirika, walisema huyo sio Wilson Fisk. Leo tunaona waigizaji weusi wakipewa nafasi kama hizo na makelele bado yapo, sasa fikiria mwaka 2002 wakati muvi inatengenezwa. Na waliomchagua walikuwa sahihi kwa sababu walijiuliza swali la maana, Fisk ni nini? Fisk ni uzito. Ni mtu ambaye ukiingia chumbani kwake hewa inapungua. Ungemtafuta mzungu wa kufanana na mchoro ungepata mtu mnene, na unene peke yake sio uzito. Duncan alikuwa na kama mita 1.96 na akaongeza mwili kwa ajili ya hii kazi, lakini cha ajabu sio ukubwa wake, ni jinsi anavyouvaa, suti inakaa vizuri, anatembea polepole kama mtu ambaye hajawahi kuharakishwa na yeyote, anacheka na kile kicheko kinakufanya uangalie mlango uko wapi.

Kumbuka pia dunia ilimjua kwa The Green Mile ya 1999, jitu pole, mtu wa machozi, nafasi iliyompa uteuzi wa Oscar. Kumchukua mtu ambaye watu wanamuonea huruma wakimuona tu, ukampa roho ya jiwe, huo ni uamuzi wa kijasiri, na haukuharibu chochote. Kilichomharibia ni hesabu ya dakika. Ukijumlisha muda anaoonekana kwenye toleo la sinema ni mdogo mno kwa mtu anayetakiwa kuwa mfalme wa uhalifu wa mji mzima na muuaji wa baba wa staring. Vincent D'Onofrio alipoichukua hiyo nafasi kwenye tamthilia ya Netflix mwaka 2015 msimu wa kwanza ulikuwa na vipindi 13, tukamuona utotoni, tukamuona anaogopa, tukamuona anapenda, na anastahili sifa zote, mimi mwenyewe nilimpigia makofi. Lakini siwezi kukubali mtu akiwapima hawa wawili bila kuhesabu muda. Duncan alifariki Septemba 2012 akiwa na miaka 54, hakupata nafasi ya kurudi kwenye muvi kama Garner.

Joe Pantoliano ni mwandishi wa habari Ben Urich, yuko sawa, anafanya kazi yake anaondoka. David Keith kama baba mtu ni mzuri, uso wake umechoka vizuri, na vile vipande vya utotoni vina joto kuliko nilivyokumbuka. Ellen Pompeo alipewa Karen Page na kwenye toleo la sinema ukipepesa macho umemkosa.

Aliyenishtua ni Jon Favreau, aliyecheza Foggy, rafiki wa Matt na wakili mwenzake. Nilikuwa namkumbuka kama yule mnene wa kuchekesha anayekaa pembeni ya Affleck, basi. Toleo la dairekta linarudisha kesi nzima iliyokatwa, mteja anayeigizwa na Coolio anashtakiwa kwa mauaji na Matt na Foggy wanamtetea, wanachimba, mpaka uzi unaanza kuelekea kwa Fisk. Kwa hiyo ghafla unapata muvi ya mawakili, na ndani yake kuna watu wawili waliosoma pamoja, wanaofahamiana mpaka wanamaliziana sentensi. Foggy analalamika kuhusu pesa, wateja wao hawalipi, Matt hataki kumtetea mtu mwenye hatia kwa sababu masikio yake yanasikia moyo wa muongo unavyodunda, Foggy hajui hilo, anaona tu rafiki yake mkaidi anawafilisi wote wawili. Na hapo, jamani, Affleck anakuwa mtu mwingine. Analegea. Lile tabasamu linarudi kwa sababu lina kazi ya kufanya, ni la mtu anayemtania rafiki yake. Urefu wake na uzuri wake haumzuii tena kwa sababu pembeni yake kuna mtu wa kawaida, mwenye kitambi, mwenye wasiwasi, na kwa mara ya kwanza unaona Matt ni mtu aliyechagua kuishi chini ya uwezo wake kwa ajili ya kitu anachokiamini. Favreau ndo anampa Affleck kipimo. Bila Foggy, Matt ni mwanamitindo mwenye huzuni. Akiwepo Foggy, Matt ana nyumba, ana ofisi, ana mtu atakayeumia akifa.

Na hiyo ndo jozi waliyoikata. Dakika 30 zilizotolewa nyingi ni zao, kesi, mahakama, maongezi, ili muvi iwe fupi na mapenzi yabaki mbele na watoto waruhusiwe kuingia, maana toleo la dairekta lilikuja na daraja R, ambalo watoto hawaingii bila mtu mzima. Ukikata kesi ya mahakamani unakata mchana wa Matt wote, anabaki na usiku tu, na usiku kavaa barakoa. Umekata jozi bora ya staring wako ukamuachia jozi inayomfaa kidogo kuliko zote, afu ukampeleka mbele ya watu wamhukumu.

Miaka mitano baadaye Favreau huyohuyo alikaa kiti cha dairekta kwenye Iron Man, akamtetea Robert Downey Jr. wakati wakubwa wa studio walikuwa na wasiwasi naye, na ukiitazama ile muvi ya 2008 inasimama juu ya watu wawiliwawili wanaongea, Downey na Gwyneth Paltrow, Downey na Jeff Bridges. Siwezi kusema alijifunzia kwenye Daredevil, ila mimi kila nikiangalia zile ofisi mbili naona mtu yuleyule anayejua kwamba supahiro anahitaji mtu wa kuongea naye.

Kuna jambo jingine lililomkuta Affleck ambalo halimo kwenye muvi kabisa. Mwaka 2003 magazeti yalikuwa yamemchosha kila mtu na uchumba wake na Jennifer Lopez, mwaka huohuo ikatoka Gigli ambayo ilichekwa dunia nzima, na mwanzoni mwa 2004 akapewa tuzo ya Razzie ya mwigizaji mbaya kwa muvi tatu kwa pamoja, Gigli, Paycheck na Daredevil. Tatu zimetupwa kwenye gunia moja! Toka hapo jina la Daredevil likagandishwa na Gigli na hakuna aliyerudi kuangalia. Yeye mwenyewe baadaye aliisema vibaya hii muvi kwenye mahojiano, na nadhani hilo lilizidi kuwapa watu ruhusa. Alipotangazwa kuwa Batman mwaka 2013 watu walirusha picha za Daredevil kama ushahidi mahakamani, na muvi ilipotoka 2016, pamoja na matatizo yake yote, wengi walikiri kwamba Bruce Wayne wake, yaani Batman akiwa hajavaa barakoa, alisimama. Bila shaka alisimama. Bruce ni tajiri anayeingia chumbani watu wote wanageuka, yale yaliyomkataa kwa Matt yakamkubali kwa Bruce, na nusu ya uso ikifunikwa alibaki na silaha moja, yaani kile kidevu, na macho yake safari hii yanatazama.

Kama ningekuwa nakasti mimi mwaka ule? Affleck ningembakiza, ila ningempa Favreau muvi nzima. Duncan ningembakiza na ningemuongezea dakika. Farrell ningembakiza na ningemwambia apunguze sauti kila anapokutana na Matt. Garner ndo ningemuomba asubiri. Charlie Cox, aliyecheza Matt kwenye ile tamthilia ya Netflix na ambaye leo kila mtu anamtaja, wakati huo alikuwa bado kijana kabisa, kwa hiyo tusiongee kama vile alikuwa amekaa pale wakamruka.

Nimalizie na kipande cha karibu na mwisho ambacho nimekirudia mara tatu. Matt anafika ofisini kwa Fisk, kajeruhiwa, kachoka. Fisk kawaondoa walinzi wake, anataka kupigana mwenyewe, na anampiga vibaya mno, anamrusha kama nguo, huwezi kuona Matt atatokaje hapo, na Affleck kwa mara ya kwanza anaonekana mdogo. Mtu wa mita 1.9 anaonekana mdogo! Hicho ndo kitu kilichokosekana muvi nzima, na kimeletwa na mwili wa Duncan tu, kusimama kwake pale. Fisk anamvua barakoa, anamtambua, kumbe ni yule wakili kipofu. Maji yanamwagika, Matt anaanza kuona, anamvunja miguu, anaweza kumuua na anaacha. Fisk anamtishia kwamba atawaambia watu yeye ni nani, na Matt anamjibu awaambie tu, awaambie wote kwamba alipigwa na kipofu. Affleck hana barakoa, hana miwani, maji usoni, mboni zinaangalia pembeni kidogo ya mtu anayeongea naye, sauti imeshuka. Hakuna tabasamu. Ni Matt Murdock, kabisa, na pale chini Duncan anamtazama kimya.